Uzito wa Mtoto Mchanga: Habari za Utafiti Toka Taveta Hadi Kilifi

Mama anapojifungua katika hospitali ya Voi, ya Wesu au ya Taveta, jambo moja katika yale ya kwanza afanyiwayo mtoto ni kuwekwa katika mizani. Mkunga husoma hesabu, huiandika katika kadi, na jamaa wanaongojea nje huambiwa: kilo tatu, au kilo mbili na nusu, au kilo mbili tu. Baba hufurahi au hunyamaza kwa kadiri ya hesabu ile. Lakini ni watu wachache wajuao ya kuwa mizani ile haipimi siku ya kuzaliwa peke yake. Inapima miezi yote iliyotangulia: chakula alichokula mama, mizigo aliyoibeba, damu aliyokuwa nayo mwilini, na mbu waliomwuma usiku.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka mpaka wa gramu 2,500, ambao kwa hesabu ya zamani ni ratili tano na nusu. Mtoto aliye chini ya mpaka huo huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, na hatari ya kufa katika mwezi wake wa kwanza ni kubwa sana kuliko ya mwenzake mzito. Hapo kwanza, mwaka 1950, watoto wote wa namna hiyo waliitwa kwa jina moja, yaani waliozaliwa kabla ya siku zao. Mwaka 1961 Shirika hilo liliacha desturi hiyo, kwa maana ilikuwa imekwisha onekana wazi kwamba wengi wa watoto wadogo walikuwa wametimiza miezi yao yote tumboni.

Mkulima atalielewa jambo hili upesi. Mahindi mawili madogo yaweza kulala katika kikapu kimoja, ukubwa wao ni sawasawa. Moja lilivunjwa kabla halijakomaa. La pili lilikaa shambani hata siku zake zikatimia, lakini mvua ilikatika na mmea haukupata maji. Akiyatazama kwa macho tu, mtu atasema ni mamoja, lakini mwenye shamba anajua kuwa kosa la kwanza si kosa la pili, na dawa yake si moja. Ndivyo ilivyo kwa watoto. Yuko aliyezaliwa kabla ya wiki 37, na yuko aliyetimiza wiki zake lakini hakulishwa vema tumboni. Tena wako maskini waliopatwa na mambo yote mawili.

Sababu za mambo hayo ni nyingi, na baadhi yake hazijulikani hata leo. Lakini iko moja ambayo imefanyiwa uchunguzi mrefu katika Afrika ya Mashariki, nayo yaihusu sana nchi ya Taita Taveta. Sababu hiyo ni malaria.

Nchi hii hali yake si moja. Juu milimani, kuanzia Wundanyi hata kilele cha Vuria, kuna baridi, na mbu wa malaria hawastawi kama huko chini. Voi na Mwatate ziko katika nyika kavu. Taveta yenyewe iko bondeni, ambako maji ya Kilimanjaro huchimbuka katika chemchemi, Mto Lumi unapita, na Ziwa Jipe limelala mpakani. Maji hayo ndiyo yanayostawisha migomba ya Taveta, na ndiyo yaliyovuta mashamba makubwa ya katani zamani. Hayo hayo ndiyo yanayolea mbu.

Mwaka 1954 Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa Amani katika milima ya Usambara, ilianza kazi iliyojulikana kama Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, chini ya uongozi wa Daktari D. Bagster Wilson. Mpango huo ulifanywa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanganyika, na hilo lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa mbu haulizwi cheti cha njia. Kuanzia mwaka 1955 hata 1959 vikundi vya wapiga dawa vilikwenda nyumba kwa nyumba na mabomba yao, wakinyunyiza dieldrini ukutani na chini ya mapaa. Maana ya kazi yao ilikuwa hivi: mbu akisha kunywa damu ya mtu huwa mzito, naye hutua ukutani apumzike. Ukuta ukiwa na dawa, hawezi kuishi siku za kutosha kupeleka ugonjwa kwa mtu wa pili.

Matokeo yalionekana upesi. Mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye hupenda sana kukaa ndani ya nyumba, karibu atoweke kabisa. Mwenzake, Anopheles gambiae, hakutoweka, lakini alipungua mno. Damu za watoto zilipochunguzwa, viini vya malaria vilionekana kwa wachache tu, na vifo vya watoto wachanga vilipungua. Katika mwaka 1960 Daktari C. C. Draper na mwenzake walitoa maandishi juu ya ukuaji wa watoto wachanga wa Kiafrika na namna kuzuiwa kwa malaria kunavyowasaidia.

Mwaka 1959 kazi ya kunyunyiza ilikwisha. Malaria haikuwa imekwisha. Wakuu wa mpango walibishana sana juu ya jambo hili, na walikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi, kwani watu waliokaa miaka kadha bila kuumwa na mbu wenye viini huanza kupoteza kinga yao, na ugonjwa ukirudi waweza kuwapiga kwa nguvu zaidi. Katika miaka iliyofuata malaria ilirejea kidogo kidogo. Dieldrini nayo, kwa kuwa hukaa katika udongo na katika miili ya viumbe kwa muda mrefu, iliwekwa mwaka 2001 katika Mkataba wa Stockholm miongoni mwa sumu za kukomeshwa duniani. Huenda mtu akasema basi kazi ile ilikuwa bure. Haikuwa bure, maana ilionyesha kwa hesabu jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la kukisia tu: katika bonde kama la Taveta malaria ilikuwa ikichukua sehemu kubwa ya uhai wa watoto. Lililobaki bila jibu lilikuwa habari za mtoto kabla hajazaliwa.

Jibu la swali hilo limo katika kondo la nyuma, ambalo wakunga hulizika na watu hawalitazami mara ya pili. Kondo ndilo shamba la mtoto. Damu ya mama huja upande mmoja, damu ya mtoto upande wa pili, na kati yake chakula na hewa hupita bila damu hizo mbili kuchanganyika. Mwaka 1952 Daktari Bruce-Chwatt, aliyekuwa Nigeria, aliandika kwamba watoto ambao kondo zao zilikuwa na viini vya malaria walizaliwa wepesi kuliko wenzao. Ajabu ni kwamba wengi wa mama hao hawakuwa wagonjwa. Mtu mzima aliyekulia katika nchi ya malaria amezoea viini vile, na mama huweza kulima, kuteka maji na kwenda sokoni bila homa hata kidogo. Pengine hata damu ya kidole ikichukuliwa na kutazamwa, haionyeshi kitu. Lakini kondo lake limejaa.

Kwa nini viini vijifiche humo? Hilo lilifunuliwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi katika magharibi ya nchi, walitangaza kwamba viini vilivyotolewa katika kondo havikuwa sawa na vile vinavyopatikana katika damu ya watu wengine. Chembe nyekundu za damu zenye viini hivyo hunata juu ya kitu kiitwacho kondroitini salfeti A, ambacho kondo linacho kwa wingi. Zikinata hapo, hazichukuliwi na damu kupelekwa wengu, mahali ambapo zingeharibiwa. Hukaa, huongezeka, na njia ya chakula cha mtoto huzibwa. Mwaka 1998 watafiti hao hao walionyesha jambo la pili: wanawake waliokwisha kuzaa mara kadha wana kinga katika damu yao inayozuia viini visinate, lakini mwenye mimba ya kwanza hana. Naye angeipata wapi? Viini vya namna hii hutaka kondo, na mwili wake haujapata kuwa nalo.

Basi ndiyo maana katika nchi za malaria mzaliwa wa kwanza huwa mdogo mara nyingi kuliko wadogo zake. Nyumba nyingi zimeharibiwa na udogo wa mtoto huyo. Wakwe wamenong'ona, mke mchanga ameambiwa kuwa hakula vizuri, au alikuwa mvivu, au ana mkosi wa kwao. Utafiti huu umemtoa hatiani.

Uthibitisho mkubwa ulitoka mbali, katika visiwa vya Solomon vilivyo katika bahari ya Pasifiki. Huko kazi ya kunyunyiza DDT majumbani ilifanywa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hospitali zilikuwa na vitabu vya uzito wa watoto wote waliozaliwa kabla ya kazi na baada yake. MacGregor na Avery walivifungua vitabu hivyo, na mwaka 1974 wakatoa hesabu yao: kwa wastani uzito wa watoto ulipanda kwa gramu 165, na wa wazaliwa wa kwanza kwa gramu 252. Akina mama hawakupewa chakula kingine wala kliniki mpya. Waliondolewa mbu tu.

Katika pwani ya Kenya njia iliyofuatwa ilikuwa ya vidonge. Katika miaka ya 1996 na 1997 watafiti wa Kilifi, wakiongozwa na Daktari Caroline Shulman, waliandikisha wanawake 1,264 wenye mimba ya kwanza. Nusu yao walipewa dawa ya salfadoksini na pirimethamini, ambayo watu huiita SP, na nusu walipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, wala hakuna aliyejua amepata vipi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1999. Mwishoni mwa mimba viini vya malaria vilionekana kwa wanawake 5 katika kila 100 waliopata dawa, na kwa 35 katika kila 100 wasioipata. Upungufu mkubwa wa damu uliwapata 24 katika kila 100 ambao hawakupata dawa, na kwa wenzao ulikuwa kwa 14 au 15. Kumbuka kwamba wanawake hao hawakungojewa waugue. Walipewa dawa wakiwa wazima, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauji na homa.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, katika nchi zenye malaria nyingi, mama apewe SP kila aendapo kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, mradi kati ya dozi na dozi upite mwezi mmoja. Mwaka uliofuata hesabu za majaribio kadha ya Afrika zilikusanywa pamoja, ikaonekana kwamba mama waliopata dozi tatu au zaidi walizaa watoto waliowazidi kwa gramu 56 watoto wa wale waliopata mbili. Gramu 56 ni vijiko vichache vya sukari, na msomaji aweza kucheka. Lakini hesabu hiyo ni ya wastani. Katika watoto maelfu, wako wengi waliosimama karibu na ule mpaka wa gramu 2,500, na msukumo mdogo huwavusha. Watoto wenye uzito pungufu walipungua kwa sehemu moja katika tano.

Mpaka hapo habari ni nzuri. Lakini swali la yale mahindi mawili lilibaki: je, malaria humtoa mtoto mapema, au humnyima chakula? Huwezi kujibu bila kujua umri wa mimba, na hapo ndipo tafiti nyingi zilipokwama, kwa sababu akina mama wengi hawakumbuki siku ya hedhi yao ya mwisho. Huko Korogwe, ng'ambo ya pili ya milima ya Pare na Usambara ukitoka Taveta, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walianza mwaka 2008 kuwafuata akina mama karibu elfu moja, nao waliwapiga picha ya tumbo kwa mashine ya ultrasaundi tangu mimba ikiwa changa. Kwa njia hiyo waliweza kumtazama mtoto akikua, na kuona ni lini anapunguza mwendo. Malaria ilionekana kumdhuru mtoto tumboni wakati ambao mama mwenyewe hajapata hata kwenda kliniki mara ya kwanza.

Mashine kama ile haipatikani katika kila zahanati. Lakini kalenda inapatikana. Karani mwenye kalenda ukutani mwa ofisi yake aweza kumsaidia sana mkewe, na mkunga pia, kwa kuweka alama ndogo tu ya siku. Swali la kwanza aulizwalo mama kliniki ni hilo.

Mwaka 2023 ilitoka habari iliyowashangaza wengi. Kwa kuwa viini vya malaria katika Afrika ya Mashariki vimezoea SP, watafiti walijaribu dawa nyingine iliyo kali zaidi, dihaidroatemisinini na piperakwini, kwa wanawake 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania. Dawa mpya ilishinda malaria kuliko ile ya zamani, kama ilivyotazamiwa. Lakini walipohesabu mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa mapema, waliozaliwa wadogo na waliokufa wachanga, mambo hayo yaliwapata karibu 28 katika kila 100 wa dawa mpya, na 23 katika kila 100 wa SP. Yaani dawa dhaifu kwa malaria ilikuwa bora kwa mtoto! Watafiti wanafikiri kwamba SP huua pia viini vingine visivyo vya malaria, au humsaidia mama kuongezeka uzito kwa njia nyingine. Kwa sababu hiyo SP haikuondolewa. Aliyefikiri kwamba uzito wa mtoto ni habari ya mbu peke yake alipata somo hapo.

Kwa kweli si ya mbu peke yake. Mama wa milimani Wundanyi, asiyeumwa na mbu wengi, naye huweza kuzaa mtoto mdogo. Liko shinikizo la damu la mimba, ambalo huja na kichwa kuuma, macho kuona giza na uso kuvimba, nalo likiachwa huleta kifafa cha mimba. Wakati mwingine daktari hulazimika kumzalisha mama kabla ya siku ili kuwaokoa wote wawili. Huko Mariakani na Rabai, katika njia kuu itokayo Voi kwenda Mombasa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aga Khan wamewafuata akina mama kwa miaka kadha kutafuta dalili za mapema za shinikizo hilo na za watoto wasiokua tumboni, katika kazi iitwayo PRECISE, ambayo imefanywa vilevile Gambia na Msumbiji. Tena liko jambo la chakula. Katika nyika ya Voi, mvua ikikosa misimu miwili, mizani ya hospitali hujua.

Na mtoto akiisha kuzaliwa mdogo? Zamani wengi walimkatia tamaa, au walimweka peke yake katika sanduku la joto, kama hospitali ilikuwa nalo. Mwaka 1978 Daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, aliyekuwa na watoto wengi na masanduku machache, alianza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa watoto wenye kilo moja hadi karibu kilo moja na gramu mia nane. Wale waliowekwa vifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungojea kwanza hali zao zitulie, walikufa 120 katika kila elfu kabla ya mwezi kwisha. Waliongojewa kwanza walikufa 157. Kinachotakiwa ni kitambaa cha kumfungia mtoto, maziwa ya mama, na ruhusa ya mama kukaa na mtoto wake usiku na mchana. Baba naye aweza kumpokea mama zamu, maana kifua chake kina joto lile lile.

Mama wa shamba la kando ya Jipe aendaye kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa saba hupata dozi mbili za SP, au tatu akibahatika, kabla ya uchungu kumshika. Jirani yake aliyekwenda katika mwezi wa nne aweza kupata tano au sita, na chandarua chenye dawa hukipata mapema, wakati mtoto tumboni bado ni mdogo kuliko embe. Dozi humezwa mbele ya mwuguzi, vidonge vitatu kwa mara moja. Atumiaye septrini kila siku hapewi SP, kwa hiyo ni lazima aseme. Wengi huchelewa kwa sababu ya nauli, na wengine huficha mimba changa kwa kuogopa maneno ya watu. Kwa msichana mwenye mimba ya kwanza, ambaye ndiye mwenye hatari kuliko wote, sababu ya pili ndiyo inayomzuia zaidi, na mara nyingi anayeweza kumwondolea hofu hiyo ni mama mkwe.